Vidole havitungi uzi mpaka saa nne asubuhi, na vipimo vinasema mzima. Mliopitia hili njooni

FundiWaNkuhungu · 3 Machi, saa 3:12 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Mimi huwa napita tu humu kusoma, leo nimeamua kuandika. Mniwie radhi kwa urefu.

Ni mama wa miaka 38, fundi cherehani, kibanda changu kipo karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Ilianza Novemba. Kidole cha shahada mkono wa kulia kilivimba pale kinapoungana na kiganja. Nikajua ni mkasi tu. Msimu wa sare mnaujua, mpaka shule zifunguliwe Januari mtu unakata sketi za bluu mpaka unaziota. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea na kazi. Sare zikaisha, kidole hakikurudi. Mkono wa kushoto nao ukaanza, vidole vilevile, kama vile vimeambizana. Sasa ni mikono yote miwili, vifundo vya mikono, na miguu kwenye shina la vidole. Nikishuka kitandani asubuhi nahisi nakanyaga kokoto.

Asubuhi ndiyo inayonimaliza. Naamka saa kumi na moja na nusu. Vifungo vya blauzi ananifunga binti yangu wa darasa la tano kabla hajaenda shule. Mswaki naushika kwa ngumi. Nikifika kibandani siwezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka saa nne, siku mbaya saa tano. Baada ya hapo mwili unafunguka, na ukinikuta mchana huamini kama naumwa. Mume wangu siku moja aliniambia, tena bila ubaya, "Mbona wateja wakija unapona?" Sikumjibu. Nilienda kulia chooni.

Hospitali nimezunguka. Pa kwanza walipima damu wakasema yuriki asidi imezidi kidogo, hiyo ni gauti, acha nyama nyekundu na maharage. Nyama kwetu ni ya sikukuu, maharage ndiyo mboga. Nina miezi miwili sijayagusa na vidole viko palepale. Pa pili wakapiga eksirei ya mikono, mifupa mizuri kabisa. Pa tatu wakapima kitu kinaitwa RF kikatoka hasi, nikaambiwa, "Huna baridi yabisi, mama. Punguza mawazo."

Sasa nina rufaa ya kumwona bingwa wa magonjwa ya ndani, tarehe 19 Juni. Miezi mitatu na nusu. Sikuja kuulizia dawa. Nauliza mtu unaishije hapa katikati, unaumwa na hakuna aliyekuambia unaumwa nini?

---

Zabibu Chungu · 3 Machi, saa 3:40 usiku

Pole sana dada. Hiyo ya wateja wakija unapona nimecheka halafu nikajisikia vibaya. Nakaa hapa nawasubiri wajuzi.

---

Mizizi Kumi na Mbili · 3 Machi, saa 4:05 usiku

Dada usipoteze hela, hospitali hawana dawa ya hiyo kitu. Ninayo ya chupa, siku tatu unaruka kamba. Njoo pembeni tuongee.

---

Mzee wa Mpwapwa · 4 Machi, saa 12:20 asubuhi

Mbukwenyi wanajukwaa. Mwanangu pole. Mimi gauti ninayo kweli, mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo ngoja nikueleze inavyokuja ujilinganishe. Nililala mzima. Saa nane usiku kidole gumba cha mguu kikaniamsha. Kimoja tu! Chekundu, cha moto, shuka likikigusa napiga kelele. Wiki ikaisha, kikapona chenyewe kama hakikuwepo. Nikarudi kwenye supu ya maini na bia zangu, baada ya miezi minane kikarudi. Hiyo ndiyo tabia yake, inavamia halafu inaondoka. Yako naona haivamii, imehamia kabisa.

---

Tabibu wa Vijijini · 4 Machi, saa 2:15 usiku

Mzee wa Mpwapwa kanirahisishia kazi. Mimi ni tabibu tu, si bingwa, na simtibu mtu kwa simu. Ila niongezee.

Gauti kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra. Inaweza kutokea, mwenye figo mbovu kwa mfano, lakini si jibu la kwanza kuliwazia. Yuriki asidi kuzidi kidogo peke yake haitoshi kusema mtu ana gauti. Wapo wengi wana kiwango cha juu na hawatakaa waumwe kidole maisha yao yote. Na hata mwenye gauti hasa, maharage si adui kama tunavyoimbishana. Bia, maini, figo na minofu mingi ndiyo ya kuangalia. Dada, rudisha maharage mezani.

Sasa RF. Hiki kipimo cha damu cha kutafuta baridi yabisi kinawatesa watu kwa sababu tunakisoma kama kipimo cha mimba, ipo au haipo. Wapo wenye baridi yabisi kamili, yaani kinga ya mwili inashambulia viungo, karibu robo yao, ambao RF haionekani kwenye damu. Na wapo wazima, hasa wazee, au wenye ugonjwa mwingine kama homa ya ini au kifua kikuu, ambao RF inaonekana na baridi yabisi hawana. Kwa hiyo hasi haijakufungia mlango. Eksirei nayo mwanzoni huwa safi, mfupa huanza kulika baadaye. Eksirei safi mwezi wa nne wa ugonjwa ni habari njema. Haina maana hakuna kitu.

Ulichoandika kwenye aya ya tatu ndicho kingenishtua kama ungekuja kwangu. Kukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, pande zote mbili, viungo vidogo, wiki zaidi ya sita. Magoti ya uzee, yale ya gegedu kulika, hukakamaa dakika kumi, ishirini, mtu akitembea kidogo yanaachia, halafu yanauma jioni baada ya kazi. Yako inakwenda kinyume.

Jambo moja kwa kila anayesoma hapa: kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mtu ana homa, usisubiri rufaa wala majibu ya humu jukwaani. Nenda siku hiyohiyo. Usaha ukiingia kwenye kiungo unakiharibu kwa siku chache.

---

FundiWaNkuhungu · 4 Machi, saa 3:30 usiku

Tabibu Mungu akubariki. Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akauliza maharage yapo? Hayakuwepo, ila kesho yatakuwepo.

---

Binti Kondoa · 5 Machi, saa 7:10 mchana

Dada yangu, nimesoma nikadhani nimeandika mimi. Mimi nina mwaka wa sita na baridi yabisi, ila miezi kumi na moja ya mwanzo sikuwa na jina lolote. Niliambiwa malaria sugu, nikaambiwa ni uzazi wa mpango, kuna aliyesema nimekanyaga kitu. Mama mkwe alinipeleka kuchanjwa chale, alama ninazo hadi leo mkononi.

Nikuambie kilichonisaidia mwishoni. Daftari. La shilingi mia tano tu. Kila asubuhi niliandika viungo gani vimevimba, na picha nikapiga kwa simu, mikono miwili juu ya kanga ileile ili tofauti ionekane. Kwa sababu ukifika kwa daktari saa sita mchana mikono imeshanyooka! Anakuona mzima. Unaanza kujieleza, unababaika, dakika kumi zimeisha.

---

Tabibu wa Vijijini · 5 Machi, saa 1:50 usiku

Ninakazia. Na wewe fundi una kipimo ambacho wagonjwa wengi hawana. Andika umeamka saa ngapi na umetunga uzi saa ngapi. Basi. Hiyo namba inasema kuliko "naumwa sana".

---

Afisa Mifugo Bahi · 6 Machi, saa 4:00 asubuhi

Naingia na swali la fani yangu. Mama, unakunywa maziwa mabichi? Au mtindi wa kununua njiani ambao hujui kama yalichemshwa? Una ndugu anafuga? Nauliza kwa sababu huku kwetu ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi, brusela, unaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma la mnyama kwa mikono mitupu. Mtu anapata homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na nyonga kuuma, magoti. Anatibiwa malaria mwaka mzima. Unapimwa kwa damu, unatibika kwa dawa za wiki sita na zaidi, ila uanze kwa kujulikana.

---

FundiWaNkuhungu · 6 Machi, saa 2:20 usiku

Maziwa mabichi nilikunywa Desemba tulipoenda kwa baba Mvumi, kwa hiyo nimeshtuka. Homa sijapata ila nitaomba wapime.

---

Mnyaturu Asilia · 6 Machi, saa 3:05 usiku

Na wa kwetu Singida msisahau maji. Baadhi ya visima vyetu vina floraidi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia mnayotutania nayo ndiyo chanzo chake. Mtu akiyanywa miaka mingi inafika kwenye mifupa, mgongo na shingo vinakakamaa, babu yangu alikuwa anageuka mwili mzima kukutazama. Dada hana dalili hizo ila nimeweka kwa ajili ya wengine watakaopita.

---

Zabibu Chungu · 6 Machi, saa 3:30 usiku

Aisee. Kumbe mtu ukisema viungo vinauma umetaja dalili ya nusu ya magonjwa yote. Mimi nilipata chikungunya Dar, ile homa ya mbu, homa siku nne, vifundo vya miguu miezi mitano. Natembea kama mzee.

---

Tabibu wa Vijijini · 6 Machi, saa 3:55 usiku

Na chikungunya ni ya kwetu hata jina. Iligunduliwa kwenye mlipuko wa 1952 uwanda wa Makonde, huko Newala, na neno lenyewe ni la Kimakonde, linahusu mtu kukunjika kwa maumivu. Dunia nzima wanalitamka na hawajui limetoka wapi.

---

Mwalimu Chamwino · 9 Machi, saa 11:30 jioni

Mimi nasubiri mwaka wa pili sasa. Kiuno na nyonga, nikilala ndiyo vinauma zaidi, nikitembea vinaachia. Nimepewa majina matatu tofauti na hospitali tatu. Kuumwa nimezoea. Shida yangu ni ile fomu ya ruhusa, ina mstari wa kuandika ugonjwa. Mkuu wa shule anauliza, "Mwalimu, tuandike nini?" Niliandika "maumivu". Akanitazama kama mwanafunzi aliyesema kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi.

Watu wanakuonea huruma ukiwa na jina. Sukari, pole. Presha, pole. Ukisema "bado wanachunguza" wanasubiri uendelee kuongea.

---

FundiWaNkuhungu · 9 Machi, saa 2:45 usiku

Mwalimu umenigusa penyewe. Kanisani ndiyo kibaya zaidi. Ikifika kutakiana amani nashikwa mkono na watu kumi na tano, na wazee wetu wa Kigogo wakikushika wanakushika haswa. Nimeanza kukaa benchi la mwisho na mtoto wa jirani mapajani ili mikono ionekane ina kazi.

---

Bibi wa Kikuyu · 10 Machi, saa 3:00 asubuhi

Wajukuu shikamooni mnipe basi, halafu nisaidie na mimi kwa ya nyumbani, dawa waachieni wenyewe. Magoti na vidole vyangu ni vya uzee, lakini kuishi navyo nakujua.

Ugali asisonge mwenye mkono unaouma. Wa uwele na mtama ndio kabisa, ule unasongwa na mwenye mabega. Kama huna wa kukusongea, songa kidogokidogo sufuria likiwa chini umeibana kwa miguu, na mwiko uuzungushie kitambaa uwe mnene. Kitu chembamba ndicho kinachouma kukishika, kinene hakiumi. Mkasi wako nao uvalishe vitambaa kwenye matundu ya vidole.

Maji usibebe dumu la ishirini. Mgao ukifika jaza ya lita tano, safari nne. Nguo usikamue, zitundike zichuruzike, jua la Dodoma litamaliza. Kitasa fungua kwa kiganja. Choo cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha plastiki kizee, kata tundu katikati. Aibu ya siku mbili tu.

Na asubuhi kabla ya yote, beseni la maji ya vuguvugu, mikono ndani dakika kumi, ufungue na kufumba ngumi polepole humo humo.

---

Binti Kondoa · 10 Machi, saa 7:25 mchana

Bibi shikamoo! Hilo beseni ni kweli tupu. Niongeze tu, kiungo kikiwa kimevimba na cha moto mimi huweka cha baridi, barafu ndani ya kitambaa. Vuguvugu ni la kukakamaa. Na kwenye swala nilikuwa najilazimisha sijida mpaka shehe aliponiambia nikae kwenye kiti, dini haijaja kunivunja magoti.

---

FundiWaNkuhungu · 28 Machi, saa 3:00 usiku

Mrejesho. Mkasi nimeuvalisha vitambaa, unaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, wateja wanacheka. Beseni naliweka jikoni usiku, binti ananipashia maji. Nimetunga uzi saa 3:20 leo, wiki iliyopita wastani ulikuwa saa nne kasoro. Mume wangu ndiye anayesonga ugali, una mabuje lakini nani atalalamika.

Ila maumivu yenyewe hayajapungua. Diklofenaki ziliisha, nikanunua nyingine dukani, nikachanganya na ibuprofeni.

---

Tabibu wa Vijijini · 28 Machi, saa 3:20 usiku

Hapana. Hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Ukizichanganya maumivu hayapungui mara mbili, madhara ndiyo yanayoongezeka, vidonda vya tumbo, figo, presha. Chagua moja, baada ya chakula, kwa siku chache ulizoelekezwa. Parasetamoli unaweza kuiweka pamoja nayo ndani ya kipimo chake. Choo kikiwa cheusi kama lami, kimbia hospitali.

---

FundiWaNkuhungu · 14 Mei, saa 5:10 usiku

Nina jambo la kukiri. Nimekaa nalo siku tatu.

Aprili katikati nilishindwa. Kuna dada alikuwa anauza dawa ya unga kwenye chupa pale stendi, haina hata karatasi, anasema ni mizizi. Si yule wa humu, ila maneno yaleyale. Nikanunua. Kesho yake asubuhi, jamani, niliamka nikafunga vifungo vyangu mwenyewe! Sindano nilitunga saa 12:40. Nilicheza jikoni. Nilishona wiki nne kama wa zamani, nikasema hospitali mnatupotezea muda.

Halafu uso ukaanza kujaa. Watu wakasema umenawiri. Njaa haikatiki, usingizi hakuna. Jumapili nilipima presha kwa jirani muuguzi, 160 kwa 100. Nikaogopa nikaacha palepale. Leo siku ya tatu, mikono imerudi mibaya kuliko Februari na mwili hauna nguvu, nikisimama naona giza.

---

Tabibu wa Vijijini · 14 Mei, saa 5:18 usiku

Dada soma hii sasa. Kupona kwa usiku mmoja, uso kujaa, njaa, presha, hizo ni dalili za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, iliyosagwa na kuchanganywa humo. Nimeshaziona. Ukizitumia wiki kadhaa mwili unaacha kutengeneza zake, ukikatisha ghafla unabaki mtupu. Kizunguzungu na kuishiwa nguvu ni hatari. Nenda hospitali usiku huu, chukua na chupa, waambie kila kitu. Hizo hushushwa taratibu na mtu anayejua anachoshusha.

---

Zabibu Chungu · 14 Mei, saa 5:20 usiku

Dada upo Nkuhungu sehemu gani? Nina bajaji, nipo Mipango hapa, dakika kumi.

---

FundiWaNkuhungu · 16 Mei, saa 10:00 jioni

Niko nyumbani. Nilipelekwa na mume wangu, Zabibu asante sana ndugu yangu. Walinitundikia maji na sindano, sasa nimepewa prednisoloni yenye ratiba ya kupungua kidogokidogo, imeandikwa siku kwa siku. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unasubiri tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Mh."

Tarehe ya bingwa ni ileile.

---

Mizizi Kumi na Mbili · 16 Mei, saa 12:15 jioni

Msitukane dawa zetu za asili kwa sababu ya tapeli mmoja.

---

Bibi wa Kikuyu · 16 Mei, saa 1:00 usiku

Mwanangu, mizizi naijua, nimeikoroga tangu mama yangu yu hai. Hakuna mzizi unaomfanya mtu aruke kamba kesho yake.

---

Mwalimu Chamwino · 11 Juni, saa 2:00 usiku

Baridi imeanza, upepo wa huku Chamwino unapenya mpaka kwenye ubongo. Tabibu, ni kweli baridi ndiyo inaleta haya? Kila mtu ananiambia nivae soksi.

---

Tabibu wa Vijijini · 11 Juni, saa 2:40 usiku

Jina la baridi yabisi limetuponza. Baridi inaweza kukufanya usikie maumivu zaidi, kwa hiyo vaa soksi, ni raha tu. Lakini haianzishi ugonjwa. Kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kushambulia ngozi laini iliyo ndani ya kiungo. Ingekuwa baridi, Wanjombe wote wangekuwa wamepinda.

Ila wewe mwalimu, kiuno kinachouma ukilala na kuachia ukitembea, kwa kijana, kina aina yake. Kamwambie daktari maneno hayohayo uliyoandika humu Machi, usiyapambe.

---

FundiWaNkuhungu · 20 Juni, saa 3:30 usiku

Nimeonana naye jana. Nilifika saa moja, nikaitwa saa nane mchana, na kama Binti Kondoa alivyosema, mikono ilikuwa imeshanyooka. Nikatoa daftari.

Alilisoma! Ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikifuata safu ya "uzi". Akafika Aprili akasimama. "Hapa ulitumia nini?" Sikuwa nimeandika, namba zenyewe zilinisema. Nikamwambia. Akaangalia picha zote za kwenye kanga, akaninyoosha mikono, akabana mstari wa vifundo kwa pamoja kama anayesalimia. Nilipiga kelele. Akasema samahani, ndicho alichokuwa anatafuta.

Ameagiza ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuona kama kuna uvimbe mwilini, kingine kinaitwa anti-CCP, cha kutafuta baridi yabisi kama RF, homa ya ini B na C, brusela (Afisa Mifugo, niliomba mwenyewe), na picha ya kifua. Nikamwuliza, kwa hiyo naumwa nini? Ameandika kwenye kadi "baridi yabisi" na mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Nimeitazama hiyo alama ndani ya daladala mpaka Nkuhungu.

---

Mwalimu Chamwino · 20 Juni, saa 3:50 usiku

Una neno na alama ya kuuliza. Mimi nina alama ya kuuliza peke yake. Hongera, nasema kwa dhati.

---

FundiWaNkuhungu · 11 Julai, saa 2:15 usiku

Majibu. Brusela hakuna, ini safi. ESR na CRP zote juu. Anti-CCP hasi. Nikajua hapo tunarudi kwenye "punguza mawazo". Daktari akasema hapana, damu haijatupa jina lakini viungo vimevimba na moto upo, hatungoji mfupa ulike ndiyo tuamini. Nimeanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

---

Binti Kondoa · 11 Julai, saa 2:30 usiku

Karibu kwenye chama. Dada, MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, iandike ukutani. Kuna watu wameimeza kila siku wakidhani ni kama dawa nyingine, inaua. Siku hiyo usimeze foliki, ile vitamini ya kupunguza madhara yake, meza siku nyingine kama ulivyoelekezwa. Damu upime kila watakapokuita, ini na chembe za damu. Na mimba kabisa usishike ukiwa nayo, ongea nao uzazi wa mpango. Usitegemee wiki ya kwanza, mimi nilianza kuona tofauti wiki ya saba.

---

FundiWaNkuhungu · 11 Julai, saa 2:41 usiku

Ijumaa. Mume wangu ameiandika kwa chaki mlangoni, IJUMAA TU, na kaweka mstari chini mara tatu.

---

Zabibu Chungu · 30 Agosti, saa 1:20 usiku

Fundi kimya sana, upo? Huku zabibu za msimu wa pili zimeanza kuingia sokoni, nilikuwa nakuwekea kilo mbili.

---

FundiWaNkuhungu · 6 Septemba, saa 3:05 usiku

Nipo ndugu yangu, kilo mbili nazitaka. Ijumaa ya tisa imepita jana. Kichefuchefu siku inayofuata, nywele zinakatika kidogo, miguu bado ina kokoto lakini chache. Kwenye kadi alama ya kuuliza haijafutwa, nimemwuliza tena akasema tutaona Desemba.

Mwalimu, nimemtajia habari zako. Amesema uje na daftari.

Naweka ukurasa wa wiki hii kwa wanaofuatilia:

Jumatatu, nimeamka 11:30, uzi saa 2:50.
Jumanne, 11:30, uzi saa 2:15.
Jumatano, 11:35, saa 2:20. Nilikamua nguo, nimesahau maneno ya bibi.
Alhamisi, 11:30, saa 2:00.
Ijumaa, dawa. 11:30, saa 1:50.
Leo, 11:40, vifungo viwili nimefunga mwenyewe, cha juu kafunga binti. Uzi saa 1:40.